Mbinu za kushona nguo za watoto zenye bitana na lastiki kiunoni

BARIDI ya Julai inapotanda Limuru, Kinangop na Nyahururu, mzazi mwenye mtoto wa chekechea hukabiliwa na jambo gumu. Suruali nyepesi haimkingi mtoto, ilhali ile nzito ya koduroi humkwaruza mapajani akawa analia kila anapovishwa. Akimvalisha mbili, moja juu ya nyingine, mtoto hushindwa kuzivua kwa wakati afikapo msalani, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hana mikono ya kumhudumia kila mmoja.

Jawabu ambalo mafundi wa nguo wamelitegemea kwa miaka mingi ni vazi moja lenye tabaka mbili: kitambaa kigumu nje, bitana laini ndani, na lastiki kiunoni badala ya zipu na vifungo. Vazi la namna hiyo laweza kushonwa kwa cherehani ya kawaida ya kukanyaga, na likikatwa kwa hesabu nzuri humfaa mtoto kwa zaidi ya mwaka mmoja. Likikatwa ovyo, hata hivyo, bitana huning'inia chini ya upindo, kiuno hubana hadi kikaacha alama nyekundu, na fedha za mzazi huwa zimepotea.

Bitana ni kitambaa cha ndani kinachoshonwa pamoja na kile cha nje. Neno lenyewe lilitokana na Kiarabu. Lastiki nayo ni ngeni zaidi. Mwingereza Thomas Hancock alipata hataza ya kutumia mpira katika mavazi mwaka wa 1820, lakini mpira wa wakati huo uliyeyuka kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Tatizo hilo lilipungua baada ya Mmarekani Charles Goodyear kupewa hataza ya kuupika mpira pamoja na salfa mwaka wa 1844. Lastiki nyingi za siku hizi ni nyuzi za mpira au za elastani zilizofunikwa kwa poliesta au pamba.

Umbo la mtoto

Kosa la kwanza la fundi asiye na uzoefu ni kumchukulia mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa. Mtu mzima ana kiuno kilichobonyea kinachoishikilia suruali. Mtoto wa chini ya miaka sita aghalabu hana. Tumbo lake hutokeza mbele, na tofauti kati ya kiuno na nyonga huwa ndogo mno. Mtoto wa miaka minne mwenye kimo cha sentimita 104 hivi huwa na kiuno cha karibu sentimita 54 na nyonga za karibu sentimita 58. Suruali ya kifungo haina pa kushika katika umbo la aina hiyo, ndiposa huteremka kila anaporuka.

Jambo la pili ni namna mtoto anavyokua. Kati ya miaka miwili na minane, kimo huongezeka kwa sentimita 5 hadi 7 kila mwaka, lakini kiuno huongezeka kwa sentimita moja au mbili tu. Kwa hivyo wazazi wanaomwambia fundi aikate suruali kubwa kila upande ili mtoto "aikulie" hukosea. Upana ukizidi, mtoto hujikwaa na nguo hukunjamana kiunoni. Akiba inayofaa iwekwe katika urefu, ndani ya upindo. Upana uachiwe lastiki.

Kuchagua vitambaa

Kwa kitambaa cha nje, koduroi, dangirizi nyepesi, kaki na dril hustahimili magoti ya mtoto atambaaye au achezaye mchangani. Koduroi ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja. Vipande vyote sharti vikatwe vikielekea upande uleule, la sivyo mguu mmoja utaonekana umekoza rangi kuliko mwingine.

Kwa bitana, hali ya hewa ndiyo iamue. Katika nyanda za juu, flaneli ya pamba huhifadhi joto vizuri. Mombasa, Lamu au Kisumu, flaneli ni adhabu. Huko pamba nyepesi iliyofumwa vyema hutosha, hasa kwa nguo za nje zenye kukwaruza. Bitana za nailoni na poliesta huteleza na huvalika upesi, lakini hazifyonzi jasho, na mtoto mwenye ngozi nyepesi huweza kutokwa na vipele.

Flaneli inahitaji tahadhari. Manyoya yake mepesi hushika moto kwa haraka. Katika nyumba inayotumia jiko la makaa, kuni au taa ya mafuta, mtoto asivikwe vazi la flaneli lililo pana miguuni au lenye marinda yanayopepea. Likiwa bitana ndani ya suruali iliyokaribia mwili, hatari hiyo hupungua, ingawa haimalizi haja ya kumweka mtoto mbali na moto.

Kabla ya mkasi kugusa kitambaa, vyote viwili vifuliwe, vikaushwe na kupigwa pasi. Hatua hii hurukwa na wengi wanaoharakisha kazi, na hasara yake hujitokeza baada ya dobi ya kwanza. Pamba hurudi inapofuliwa, na kila kitambaa hurudi kwa kiwango chake. Bitana ikirudi zaidi ya kitambaa cha nje, huivuta suruali yote ikajikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Hakuna pasi itakayoinyoosha tena.

Vipimo vinne

Fundi anahitaji vipimo vinne: mzunguko wa kiuno kupitia kitovuni, mzunguko wa nyonga mahali palipo panapana zaidi, urefu wa nje kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, na kina cha kukalia. Kipimo hiki cha mwisho hupatikana mtoto akiwa ameketi juu ya kiti kigumu. Utepe hushushwa ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye kiti. Kikipuuzwa, suruali humkata mtoto msambani kila anapochutama.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyetajwa, mwenye kiuno cha sentimita 54, nyonga 58 na urefu wa nje wa sentimita 60. Kwenye nyonga huongezwa sentimita 12 za kujinyoshea, hivyo mzunguko wa suruali unakuwa sentimita 70. Nyongeza hiyo ni kubwa kidogo kuliko ya suruali isiyo na bitana, kwa sababu tabaka la ndani nalo huchukua nafasi. Vipande vya nyuma hupewa upana zaidi kuliko vya mbele, na sehemu ya juu ya kati nyuma huinuliwa kwa sentimita 2 au 3 ili mgongo usibaki wazi mtoto anapoinama. Kwa anayevaa nepi, nyongeza hiyo ni lazima.

Asiyejua kuchora kiolezo anaweza kuchukua suruali kuukuu inayomkaa mtoto vizuri, kuifumua mishono, kuilaza juu ya gazeti na kuifuatisha kwa kalamu. Ikiwa kiuno chake tayari kina lastiki, sharti kinyooshwe kabisa kabla ya kuchorwa.

Kukata

Siri ya nguo yenye bitana imo katika tofauti ya urefu kati ya tabaka mbili. Kipande cha nje huhesabiwa hivi: urefu kamili sentimita 60, juu yake kikunjo cha njia ya lastiki sentimita 4.5, na chini upindo wa sentimita 6. Jumla ni sentimita 70.5.

Kipande cha bitana hakihitaji kikunjo cha juu, kwani kinakomea kwenye mstari wa kukunjia. Chini, bitana iliyokamilika inapaswa kuwa fupi kwa sentimita 2 kuliko suruali ya nje ili isichungulie. Kwa hivyo sentimita 58 huongezwa upindo wa sentimita 4, na jumla inakuwa sentimita 62. Pande zote nyingine huachiwa nafasi ya mshono ya sentimita 1.5, kwa nje na kwa ndani sawasawa.

Baadhi ya mafundi huipunguza bitana upana ili kuokoa kitambaa. Hilo ni kosa. Mtoto anapochutama, tabaka lililo jembamba ndilo hubeba mvuto wote, na kwa kuwa bitana ndiyo dhaifu, huraruka kwanza. Heri iwe pana kidogo kuliko kubana.

Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, mita moja inatosha suruali ya kimo hiki. Kikiwa na upana wa sentimita 115, mita moja na nusu humwondolea fundi wasiwasi. Bitana huhitaji kiasi hichohicho au pungufu kidogo.

Hatua za kushona

Koduroi na dangirizi hushonwa kwa sindano nambari 14, na bitana nyepesi kwa nambari 11. Mishono ya urefu wa milimita 2.5 hivi huwa imara bila kukitoboatoboa kitambaa.

Kwanza, kila mguu hushonwa peke yake: kipande cha mbele na cha nyuma huwekwa uso kwa uso, kisha hupigwa mshono wa ubavuni na wa ndani ya mguu. Mishono hufunguliwa na kupigwa pasi.

Pili, mguu mmoja hugeuzwa na kuingizwa ndani ya mwingine, uso kwa uso, na mshono wa msamba hushonwa kwa mkupuo mmoja kutoka kiuno cha mbele hadi kiuno cha nyuma. Mshono huu ndio unaobeba taabu zote za mtoto, kwa hivyo hurudiwa mara ya pili milimita 3 kutoka ule wa kwanza, ndani ya nafasi ya mshono.

Tatu, bitana hushonwa vivyo hivyo. Upindo wake hukunjwa na kushonwa kabla haijaunganishwa na suruali.

Nne, suruali ya nje huachwa ikiwa imegeuzwa, mgongo wa kitambaa ukiwa nje. Bitana hugeuzwa uso wake uonekane, kisha huvikwa juu ya suruali hiyo. Migongo ya vitambaa viwili sasa inatazamana na mishono mibichi imefichika katikati. Mishono ya msamba na ya ubavuni hulinganishwa, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma, na ukingo wa juu wa bitana hulazwa kwenye mstari wa kukunjia. Kazi hii ipigwe bandi kwa mkono. Dakika kumi za bandi huokoa saa nzima ya kufumua.

Tano, ukingo wa juu wa suruali hukunjwa sentimita moja, kisha kikunjo chote cha sentimita 3.5 hushushwa juu ya bitana, kikaufunika ukingo wake. Mshono hupigwa karibu na ukingo wa chini wa kikunjo, kiasi cha sentimita 3.2 kutoka juu. Mwanya wa sentimita 5 huachwa wazi nyuma. Mshono wa pili hupigwa milimita 2 kutoka ukingo wa juu kabisa, kuzunguka kiuno chote. Hapo hubaki njia ya sentimita 3, inayotosha lastiki ya sentimita 2.5 kupita bila kujikunja.

Hapa ndipo nguo yenye bitana inapomfaa fundi wa kijijini au wa kibarazani. Katika suruali ya tabaka moja, kingo zote za ndani huhitaji ovaloki, na asiye na mashine hiyo hulazimika kumlipa jirani aliye nayo. Katika vazi lenye bitana, kingo zimefunikwa na hazisuguliwi. Kinachohitajika ni nafasi ya mshono isiyopungua sentimita 1.5, ili kitambaa chenye kuchanika nyuzi kisiufikie mshono.

Kupima na kuingiza lastiki

Lastiki ya kusukwa hupungua upana inapovutwa na hujiviringisha upesi. Huifaa zaidi mikono ya blauzi. Kwa kiuno, lastiki ya kufumwa ndiyo bora, kwa sababu hubaki na upana wake na huishikilia nguo yenye uzito wa tabaka mbili.

Urefu wake hautokani na kipimo cha suruali bali na kiuno cha mtoto. Kwa kiuno cha sentimita 54 hupunguzwa sentimita 3, zikabaki 51, kisha huongezwa sentimita 2 za kupandanisha ncha. Hata hivyo, lastiki hazilingani ugumu, na hesabu hiyo haiondoi haja ya kumjaribisha mtoto. Azungushiwe lastiki kiunoni akiwa amesimama, halafu aketi. Vidole viwili vya mtu mzima viweze kupita chini yake bila kusukuma. Mtoto hawezi kueleza kwamba anabanwa. Hulia, hukataa kula au hujikuna. Alama nyekundu inayobaki muda mrefu baada ya nguo kuvuliwa ni dalili tosha kuwa lastiki irefushwe.

Pini ya usalama hufungwa kwenye ncha moja na kusukumwa kupitia mwanya. Ncha ya pili hubanwa kwa pini nyingine kwenye suruali ili isimezwe. Lastiki ikishazunguka bila kujipinda, ncha hupandanishwa kwa sentimita 2 na kushonwa umbo la mraba lenye msalaba katikati. Mwanya hufungwa, kiuno huvutwa mara kadhaa ili marinda yajigawe sawa, kisha mshono mfupi wa kusimama hupigwa kupitia lastiki kwenye mishono ya ubavuni. Mishono hiyo miwili huizuia isijiviringishe dobini. Mwishoni, kipande kifupi cha utepe hushonwa ndani nyuma. Mtoto akiuona utepe, hujua upande wa nyuma na huweza kuvaa mwenyewe.

Kamba ziepukwe

Wapo wanaopendelea kupitisha kamba kiunoni au kwenye kofia ya jaketi badala ya lastiki. Kwa watoto wadogo, desturi hiyo ina hatari. Kamba inayoning'inia hunasa kwenye bembea, mlango wa gari au lango. Vifo vya watoto vilivyotokana na ajali za aina hiyo viliifanya tume ya usalama wa bidhaa nchini Marekani kutoa mwongozo dhidi ya kamba kwenye majaketi ya watoto mwaka wa 1996. Ulaya nayo ina kanuni maalum, EN 14682, inayohusu kamba katika mavazi ya watoto. Fundi wa Kenya hahitaji kusubiri sheria. Pinde la mapambo likitakikana mbele, lishonwe lote juu ya nguo lisiwe na ncha ndefu.

Sketi na rinda

Kwa sketi, kanuni ni zilezile ila jambo moja. Kitambaa cha nje, hasa leso ya wavu, lesi au satini ya sherehe, huwa na marinda mengi. Bitana isikatwe kwa wingi huohuo, kwani kiuno kitavimba na lastiki itashindwa kupita. Hutosha iwe pana kidogo kuliko nyonga, kiasi cha mtoto kuweza kukimbia bila kuzuiliwa. Kwa rinda la wavu, bitana ya pamba si urembo tu. Ndiyo inayoikinga ngozi isichubuliwe wakati wa ibada au harusi ndefu.

Kurefusha maisha ya vazi

Joto ndilo adui wa lastiki. Nguo ifuliwe kwa maji baridi au vuguvugu, igeuzwe ndani nje inapoanikwa ili bitana ikauke, na pasi isipite juu ya kiuno. Suruali yenye bitana huchelewa kukauka; ikivaliwa mbichi wakati wa baridi, faida yake yote hupotea.

Mtoto akirefuka, upindo wa nje hufumuliwa na kushushwa hadi sentimita 4, na wa bitana sentimita 2.5 hivi. Kwa kuwa pindo hizo mbili hazikushonwa pamoja, kazi hiyo humalizika kwa muda mfupi. Bitana itabaki imejificha ndani, na mtoto atakuwa ameongezewa msimu mwingine. Mstari wa upindo wa zamani, ukionekana, hufunikwa kwa utepe.

Lastiki ikilegea, mwanya wa nyuma hufunguliwa na mpya kuingizwa bila kugusa mshono mwingine. Ndiyo sababu mafundi wazoefu huufunga mwanya huo kwa mkono, kwa mishono mirefu. Wengine hutumia lastiki yenye matundu ya vifungo, pamoja na kifungo kimoja kidogo ndani. Mzazi huikaza au kuilegeza mwenyewe jinsi mtoto anavyokua.

Katika nyumba nyingi nguo hupokezanwa, ya mkubwa ikamwendea mdogo. Upindo wa sentimita 6, bitana isiyobana na kiuno kinachofunguka ndivyo huiwezesha suruali moja kuvaliwa na mtoto wa kwanza, ikarefushwa, ikatiwa lastiki mpya, kisha ikafupishwa tena kwa ajili ya anayemfuata.